Kufuata Majivu: Mwongozo Kamili wa Safari ya Gari kutoka Arusha hadi Natron, Ngorongoro na Olduvai

Wengi wanaopita Olduvai, korongo la Ngorongoro lenye mabaki ya binadamu wa kale, hufika saa sita mchana, jua likiwa la utosi, gari likielekea Serengeti. Wanasimama ukingoni, wanapiga picha, wanakula chakula cha boksi na kuondoka. Ukiwauliza waliona nini, watakwambia waliona korongo kavu. Siwalaumu. Mahali pale hapajielezi penyewe, na mtu aliyetoka moja kwa moja hotelini hana namna ya kujua kwamba michirizi ile ukutani ni karibu miaka milioni mbili iliyopangwa safu juu ya safu.

Dawa yake ni kupanga njia vizuri. Karibu kila kitu utakachokiona ukanda huu kimetokana na majivu ya volkano. Majivu ndiyo yaliyofunika mifupa Olduvai, yakashika nyayo za kale za Laetoli na za Engare Sero, kijiji kilicho kando ya Ziwa Natron, yakajikusanya kuwa kilima cheusi kinachotembea jangwani. Kwa hiyo mimi huwashauri watu waanze na mlima ambao bado unatoa majivu, Ol Doinyo Lengai, ndipo waende korongoni. Ukifika Olduvai ukiwa umeshatembea juu ya majivu na kuona nyayo zilizoganda ndani yake, huhitaji kubembelezwa uyatazame matabaka yale.

Safari ninayoieleza ni ya siku tano na usiku nne, inaanzia na kuishia Arusha. Mwenye siku tatu anaweza kuikata, nami nitasema wapi.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, kisha uhesabu siku

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Barabara ni kavu, makorongo hayana maji, na anga ni safi kiasi cha kuuona Lengai kutoka mbali. Tatizo ni vumbi, tena vumbi jepesi kama unga wa ngano ambalo huingia hadi kwenye begi lililofungwa zipu.

Januari na Februari ni msimu wangu wa pili. Nyanda zinazozunguka Olduvai huwa kijani, na nyumbu wanazaa huko upande wa Ndutu. Tazama tu kama vuli ya Novemba na Desemba haijaendelea kupita kiasi. Masika, Machi hadi Mei, sikushauri kabisa uende upande wa Natron. Barabara ile inakatiza makorongo mengi yasiyo na daraja. Mvua inanyesha juu kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, wewe uko chini penye jua, na maji yanakukuta yakiwa yameshika kasi. Ukikuta korongo lina maji yanayokwenda, zima gari usubiri. Mara nyingi yanapungua ndani ya saa chache.

Hesabu ya siku iko hivi: siku ya kwanza Arusha hadi Engare Sero kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka, ya pili unashinda Natron, ya tatu unarudi Mto wa Mbu na kupanda Karatu, ya nne ni Ngorongoro na Olduvai, ya tano ni kreta, lile shimo kubwa la volkano la Ngorongoro, kisha nyumbani. Mwenye siku tatu aache Natron, alale Karatu usiku wa kwanza, na siku mbili zilizobaki azitumie kama siku ya nne na ya tano nilivyozieleza. Atakosa mengi, lakini Olduvai itabaki na asubuhi nzima.

Hatua ya pili: gari

Hapa usibane matumizi. Kuanzia Arusha hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, ni lami, na gari dogo linafika bila shida. Zaidi ya hapo, na kuanzia Mto wa Mbu kwenda Natron, unahitaji gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote manne. Kushuka kreta bila gari la namna hiyo hairuhusiwi, na utatakiwa pia kuwa na mwongozaji mwenye leseni. Gari la kukodi ndilo litakalokula sehemu kubwa ya bajeti, kwa hiyo tafuta watu wanne au watano mgawane. Kukodi gari pamoja na dereva anayeijua njia ya Natron ni bora kuliko kujiendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwa sababu baada ya Engaruka njia hugawanyika mara nyingi kwenye nyanda na kila mkondo unaonekana kama ndiyo wenyewe.

Nikuambie yaliyotukuta. Safari yangu ya kwanza tulikuwa wanne kwenye gari la kukodi. Jioni inaingia, tumebakiza kilomita chache kufika Engare Sero, tairi la nyuma likapasuka. Tukashusha la akiba, tukaweka jeki, tukaanza kuzungusha. Gari halikunyanyuka. Jeki ndiyo iliyokuwa ikizama kwenye mchanga mweusi, kila tukizungusha inakwenda chini. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa akirudisha mbuzi alituangalia kwa muda, akaenda korongoni, akarudi na jiwe bapa mabegani. Tukaliweka chini ya jeki, gari likapanda. Ndipo tukagundua tairi la akiba lilikuwa na upepo nusu. Hakuna aliyelipima Arusha.

Tangu hapo sitoki bila vitu hivi, na kila kimoja nakigusa kwa mkono kabla gari halijaondoka: matairi mawili ya akiba yaliyopimwa upepo, jeki inayofanya kazi, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, spana ya nati za magurudumu inayolingana na nati za gari hilo, pampu ya upepo, koleo, kamba imara ya kuvutia, tochi, na madumu ya maji. Mwenye gari akikwambia "vyote vipo, bosi", mwambie avitoe uvione.

Mafuta yahesabu hivi. Mto wa Mbu hadi Engare Sero ni takribani kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Ongeza 40 za kuzunguka ziwani, unapata 280. Gari kubwa kwenye njia mbovu halitaenda zaidi ya kilomita sita kwa lita, kwa hiyo unahitaji lita 47 hivi. Ongeza theluthi kwa ajili ya mchanga, kupotea na kurudi nyuma, zinakuwa zaidi kidogo ya 60. Jaza tangi Mto wa Mbu hata kama mshale uko nusu. Zaidi ya hapo mafuta yanauzwa kwenye chupa kwa bei ya anayekuuzia.

Hatua ya tatu: vibali, malipo na karatasi

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, nalo lina mamlaka yake. Malipo ya kuingia hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au benki. Maliza jambo hili ukiwa Karatu, penye mtandao wa uhakika, au mpe wakala wa safari akumalizie. Ada ya kushuka kreta ni tofauti na ya kuingia hifadhini, na Olduvai nayo ina ada yake, kwa hiyo taja mapema sehemu zote unazotaka kwenda. Kibali kina saa ya mwisho. Isome ukiwa bado langoni, uipange siku kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa hiyo.

Beba kitambulisho cha taifa cha kila abiria. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa viwango vya chini sana kuliko wageni wa nje, lakini karani hawezi kukusaidia kwa maneno matupu. Wanaotoka Kenya kwa gari lao kupitia Namanga wabebe pasipoti au hati ya kusafiria, kadi ya gari, na bima inayotambulika upande wa pili wa mpaka. Kama gari si lako, chukua barua ya mwenye gari.

Njia ya Natron ina vizuizi vya ushuru vya halmashauri na vijiji. Hapo weka akiba ya noti ndogondogo, omba risiti kila unapolipa, na uzitunze hadi utoke. Ndege zisizo na rubani za kupigia picha haziruhusiwi hifadhini bila kibali maalumu, kwa hiyo ziache nyumbani.

Hatua ya nne: nguo, maji na simu

Watu husahau kwamba hii ni safari ya kupanda na kushuka. Engare Sero iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la kuotea kivuli. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200, na asubuhi ukungu ni mzito kiasi cha kuwasha taa za gari. Begi moja linatakiwa kuwa na kanga au shuka jepesi pamoja na sweta nzito. Viatu viwili: vya kufunga kwa ajili ya mawe, na ndala za mkanda zinazoweza kulowa. Kofia, miwani ya jua, mafuta ya midomo. Maji lita tano kwa kila mtu kwa siku upande wa Natron, pamoja na ya akiba ya gari.

Pakua ramani kwenye simu ukiwa Arusha uitumie bila mtandao, kwa maana kuna vipande virefu visivyo na mawasiliano. Mwachie mtu nyumbani ratiba yako na saa unayotarajia kumpigia. Hospitali ya kutegemea iko Karatu.

Kitu kimoja zaidi, kidogo lakini utakishukuru: sumaku. Chomoa kwenye spika mbovu ya redio uitie mfukoni. Kazi yake utaiona siku ya nne.

Siku ya kwanza: Arusha hadi Engare Sero

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kama hukupata muda siku iliyotangulia, mtu mmoja katika kundi lenu angalau awe ametembelea Makumbusho ya Historia Asilia ndani ya boma la Wajerumani pale mjini Arusha. Yeye ndiye atakayewaeleza wengine njiani. Barabara ya Dodoma hadi Makuyuni ni kilomita 80, unakunja kulia, unafika Mto wa Mbu kabla ya saa tatu. Kwenye vijiji mwendo ni 50, na askari wa barabarani wapo.

Mto wa Mbu jaza mafuta, kula vizuri, nunua ndizi na maembe. Kisha ukunje kulia kuingia njia ya vumbi inayofuata ukuta wa Bonde la Ufa kwenda kaskazini. Barabara ina mawimbi kama bati; kila dereva ana mwendo wake ambao gari linatulia juu ya mawimbi hayo, lakini usiutafute kwa kukimbia. Pasua tairi moja tu na saa yote uliyookoa imekwenda.

Engaruka simama. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna mabaki ya mashamba ya mawe: matuta, misingi ya nyumba na mifereji ya umwagiliaji iliyojengwa na wakulima walioishi hapo takriban karne ya 15 hadi ya 18. Hakuna visukuku hapa, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, lakini saa moja inatosha kukuonyesha jinsi watu walivyoyaongoza maji ya mlimani mpaka kwenye nchi kavu. Mchukue mwongozaji wa kijijini. Peke yako utaona marundo ya mawe tu.

Baada ya Engaruka mlima unajitokeza, umechongoka, juu yake mweupe kana kwamba una theluji. Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, una urefu wa mita 2,962, na duniani kote ndio mlima pekee hai unaotoa lava ya aina ya natrokabonati, yaani lava yenye magadi mengi. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Inatoka nyeusi au kahawia, ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe, na huo ndio weupe unaouona. Mara ya mwisho kulipuka kwa nguvu na kumwaga majivu nchi nzima inayouzunguka ilikuwa 2007 hadi 2008. Simamisha gari, shuka, chota mchanga wa barabarani uusugue kwa vidole. Ndiyo majivu yenyewe hayo. Kumbuka yalivyo mkononi.

Jitahidi ufike Engare Sero kabla ya saa kumi na moja jioni. Kuna kambi za bei mbalimbali, na sehemu za kupiga hema lako mwenyewe.

Siku ya pili: nyayo, ziwa na maji

Amka saa kumi na moja alfajiri uende kwenye nyayo kabla jua halijapanda. Sababu si joto peke yake. Nyayo ni mashimo madogo kwenye tabaka la kijivu, na jua la utosi huyafuta machoni. Jua likiwa chini, kivuli kinajaa upande mmoja wa kila unyayo na ghafla uwanja mzima unakuwa na watu.

Mwongozaji wa kijiji ni lazima, na mkubaliane malipo kabla ya kuondoka. Tembea anapotembea yeye. Kuna nyayo zaidi ya 400 za binadamu kama sisi, zilizokanyagwa kwenye tope la majivu kati ya miaka 6,000 hivi na 19,000 iliyopita. Watafiti walipozipima walitambua kundi la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja upande mmoja, na wakaona kwamba 14 kati yao huenda walikuwa wanawake. Piga magoti kando ya unyayo mmoja, usiguse, utazame. Kisigino kimezama zaidi, tope limesukumwa nyuma ya vidole, kidole gumba kiko peke yake. Mara ya kwanza nilivua kiatu nikaweka mguu wangu pembeni, nje ya tabaka. Ulikuwa unakaribia kulingana. Nilinyamaza kwa muda mrefu, na mzee aliyetuongoza hakunisemesha.

Baadaye nenda ziwani. Ziwa Natron lina kina kisichofika mita tatu, maji yake ni magadi makali, na ndiyo sehemu kuu ya kuzaliana kwa heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Paache gari mahali mwongozaji anapoonyesha. Ukoko wa magadi unaonekana mgumu kama sakafu, chini yake ni tope linalomeza magurudumu hadi ekseli. Nimeona gari lililotolewa kwa siku mbili.

Mchana wa jua kali ni wa maporomoko. Unatembea kama saa nzima ndani ya bonde la mto Engare Sero, mara nyingine maji yakifika magotini, ndiyo maana nikasema uje na ndala. Kupanda Lengai wenyewe ni kazi ya usiku: watu huanza karibu na saa sita usiku, wakipanda majivu yanayoteleza kwa saa tano au sita ili wafike kabla ya jua. Kama humo katika mazoezi, usiupange ndani ya safari hii. Utaharibu siku mbili zinazofuata.

Neno kuhusu wenyeji. Salimia kwanza. "Sopai" itajibiwa "epa", na mwanamke mtu mzima ukimwita yeyo atakuitikia kwa furaha. Kamera ibaki chini mpaka uombe na ukubaliwe, hata kama ni watoto wanaopunga mkono.

Siku ya tatu: kurudi na kupanda

Siku ya mwendo, sina mengi. Toka mapema, rudi kwa njia uliyojia, fika Mto wa Mbu mchana. Peleka matairi kwa fundi wa pancha yakaguliwe, na gari lioshwe uvungu, kwa sababu magadi hula chuma. Panda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kama kilomita 30. Lala mapema. Nunua mkate, mayai ya kuchemsha na matunda kwa ajili ya kesho, maana ndani ya hifadhi chakula ni ghali na vituo ni vichache.

Siku ya nne: Olduvai

Hii ndiyo siku ambayo safari nzima imeandaliwa kwa ajili yake, kwa hiyo uwe langoni Lodoare linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Barabara inapanda msituni hadi ukingo wa kreta. Simama kwenye sehemu ya kutazamia dakika kumi, si zaidi. Kreta utairudia kesho. Zunguka ukingo, ushuke upande wa magharibi. Msitu unaisha, ukungu unabaki nyuma, nyasi zinakuwa fupi. Ng'ombe wa Wamaasai na pundamilia wanalisha pamoja. Kwenye njia panda utaona sanamu za mafuvu mawili makubwa: hapo ndipo unapoacha barabara ya Serengeti, na takribani kilomita tano mbele ni makumbusho. Ukifika saa tatu asubuhi umefanikiwa.

Anza kwa kukaa kwenye baraza la kutazamia, kabla ya kuingia ndani. Korongo lina urefu wa kilomita 48 hivi na kina cha kufikia mita 90. Jina sahihi ni Oldupai, mkonge pori unaoota humo; Olduvai ni matamshi ya wageni yaliyoingia vitabuni. Tazama kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ni lava nyeusi. Juu yake ni Tabaka la Kwanza, ambalo majivu yake yalitoka kwenye milima ya Ngorongoro na Olmoti ilipokuwa hai. Halafu la Pili. Utepe mwekundu unaoonekana wazi kuliko yote ni Tabaka la Tatu. Huo mwekundu ukiushika, mengine yanajipanga yenyewe: kilicho chini yake ni cha zamani zaidi, kilicho juu yake ni cha karibuni.

Majivu yana faida mbili hapa. Yalifunika mifupa na zana haraka kabla hazijaoza au kutawanywa na fisi, na madini yaliyomo yanaweza kupimwa umri maabara. Ndiyo sababu fuvu la zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, alilolipata mwanaakiolojia Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, lililoitwa Zinjanthropus na leo Paranthropus boisei, liliweza kupewa umri wa miaka milioni 1.75 mwanzoni tu mwa miaka ya 1960. Mumewe Louis siku hiyo alikuwa mgonjwa kambini. Louis alikuwa akirudi korongoni hapo tangu 1931, yaani miaka 28 ya kuokota mawe kabla ya siku moja hiyo. Mwaka 1964 ndipo jina la zamadamu wa aina nyingine, Homo habilis, likatangazwa, kutokana na mabaki mengine ya hapohapo.

Mwombe mwongozaji akushushe hadi penye alama ya mahali fuvu lilipopatikana, panapoitwa FLK. Wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kulifurahia jina hili: K ni Korongo. Frida Leakey Korongo, kwa jina la mke wa kwanza wa Louis. Zipo pia MNK, HWK, BK na DK, zote zikiishia na neno letu, na hivyo ndivyo zinavyoandikwa kwenye majarida ya sayansi dunia nzima. Ukiwa chini utaona vipande vya mifupa na mawe yaliyochongwa vikiwa juu ya ardhi. Usiokote hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na zaidi ya sheria, kipande kilichohamishwa kimepoteza tabaka lake. Hakuna atakayeweza tena kusema kina umri gani.

Ndani ya makumbusho tumia muda wako mwingi kwenye chumba cha Laetoli. Watu huniuliza kama waende Laetoli kwenyewe, kilomita 45 hivi kusini. Jibu langu kwa safari ya kwanza ni hapana. Nyayo za asili zimefukiwa kwa makusudi ili mizizi, mvua na miguu yetu visiziharibu, kwa hiyo nakala iliyo makumbusho ndiyo itakayokuonyesha zaidi. Ni nyayo zilizogunduliwa mwaka 1978, zenye umri wa miaka milioni 3.66, mstari wa mita 27 hivi wa viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Majivu yalianguka, mvua nyepesi ikanyesha, wakapita, jua likakausha tope likawa kama saruji, na majivu mengine yakafunika. Kwenye tabaka hilo vimebaki hata vidoti vya matone ya mvua. Wewe uliyeyasugua majivu ya Lengai kwa vidole juzi utaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Alasiri mwombe mwongozaji awapeleke kwenye Mchanga Unaohama, upande wa pili wa korongo. Ni kilima cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kimo cha mita tisa hivi, kinachosukumwa na upepo mita kadhaa kila mwaka kwenda magharibi. Vipo vibao vinavyoonyesha kilikuwa wapi miaka ya nyuma. Sasa toa sumaku. Ishushe karibu na mchanga na chembe zinaruka, zinasimama juu yake kama nywele. Ni majivu ya Lengai yenye madini ya chuma, nayo ndiyo yanayoshikana hivyo kilima kisitawanyike. Rudisha chembe zote mahali pake. Usipande juu ya kilima: Wamaasai wanakiheshimu, na kila mguu unakibomoa.

Saa tisa na nusu uwe unarudi. Ukungu wa ukingoni haumsubiri mtu, na lango hufungwa saa kumi na mbili jioni.

Siku ya tano: kreta na kurudi

Kreta ina upana wa kilomita 19 hivi na kuta za mita 600. Ni mlima mkubwa uliodidimia baada ya kumwaga matumbo yake zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Sehemu ya majivu uliyoyaona jana yalitoka hapa. Shuka kwa njia ya Seneto asubuhi, panda kwa Lerai, na usitoke ndani ya gari isipokuwa sehemu za mapumziko zilizoruhusiwa. Wanyama watakusisimua, lakini kabla ya kupanda simama mahali pa wazi uzungushe macho ukutani pande zote.

Mchana uko Karatu, jioni Arusha. Wenye siku mbili za ziada na hamu ya mambo ya kale wapite Babati hadi Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Wanaorudi Dar es Salaam wana kituo kimoja kimebaki. Fuvu lenyewe la Zinjanthropus halipo Olduvai. Mlichokiona kule ni nakala. Lenyewe limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Nendeni Jumamosi asubuhi na watoto, muwaonyeshe picha ya lile tabaka, chini ya utepe mwekundu.